Kuitengeneza Bastola ya Mashindano Ndani ya Mipaka ya Divisheni

Mlenga shabaha aliyekwisha kushiriki mashindano mawili matatu hufikia wakati ambapo bastola aliyoinunua dukani humwonekea pungufu: mpini unateleza jasho linapotoka, kilengeo cha mbele hakidakwi upesi na jicho, na kifyatuo kina uzito unaoisukuma kasiba pembeni katika lahadha ile ile risasi inapotoka. Tamaa ya kuirekebisha ni halali, na mchezo wenyewe umeiwekea nafasi. Walakini nafasi hiyo ina mipaka iliyoandikwa, na anayeshika tupa kabla ya kuisoma mipaka hiyo hujikuta, siku ya mashindano, ana chombo kizuri kisichokuwa na mahali pa kushindania. Mwongozo huu wakusudia kukuonyesha, ewe msomaji mwenye leseni na hamu ya kuuinua ustadi wako, jinsi ya kuifanya bastola ikufae mkononi na machoni pasipo kuitoa katika divisheni uliyoichagua.

Mchezo tunaouzungumzia ni ule wa shabaha ya vitendo, ambamo mshindani hutembea, huinama, hujaza magazini upya na kulenga mbao zilizo karibu na zilizo mbali, huku saa ikimhesabia. Shirikisho la IPSC linalousimamia liliasisiwa mwezi wa Mei 1976 katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper. Kauli yake ni maneno matatu ya Kilatini, Diligentia, Vis, Celeritas, yaani usahihi, nguvu na wepesi, na kanuni zote za mchezo ni juhudi ya kuyapatanisha matatu hayo lisitawale moja juu ya mengine. Hapo mwanzo watu walishindana pamoja kwa bastola za kila namna. Kisha mafundi wakaanza kufunga vipunguza mrusho vinywani mwa kasiba na darubini za nukta nyekundu juu yake, na mwaka 1990, huko Adelaide nchini Australia, Mmarekani Doug Koenig akautwaa ubingwa wa dunia kwa bastola yenye darubini ya namna hiyo. Ikawa dhahiri kwamba mwenye bastola ya kawaida hawezi tena kupimwa kwa insafu kando ya mwenye mtambo wa gharama kubwa. Divisheni zikawekwa ili kila mtu apambane na wenye zana kama zake, na ushindi uwe wa mkono na akili badala ya mfuko. Ukilishika jambo hili utazielewa kanuni zote zinazofuata, hata zile zinazoonekana mwanzoni kuwa za ukaidi.

Divisheni itangulie, tupa ifuate

Hatua ya kwanza, nayo ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, ni kuamua utashindana katika divisheni ipi kabla ya kununua hata springi moja.

Production imewekwa kwa bastola za kiwandani zilizomo katika orodha iliyoidhinishwa na shirikisho. Kasiba isizidi milimita 127. Risasi zilizomo katika magazini wakati ishara ya kuanza inapolia zisizidi 15. Na kila mshindani, risasi zake ziwe na nguvu kiasi gani, huhesabiwa alama za nguvu ndogo, ambazo zitaelezwa hapa chini. Standard humpa fundi uhuru mkubwa zaidi, lakini huufunga uhuru huo kwa sanduku: bastola pamoja na magazini tupu sharti iingie yote katika sanduku lenye urefu wa milimita 225, kimo cha milimita 150 na upana wa milimita 45, wala hairuhusiwi kuwa na darubini au matundu katika kasiba. Classic imehifadhiwa kwa bastola za umbo la 1911, nazo hupimwa kwa sanduku lilo hilo, zikiwa na risasi 8 kwa nguvu kubwa na 10 kwa nguvu ndogo. Katika Open fundi huachiwa karibu kila kitu, darubini na vipunguza mrusho vikiwamo, ila magazini isipite urefu wa milimita 170. Revolver ni ya bastola za silinda, na Production Optics hufuata nyayo za Production kwa kuongeza ruhusa ya darubini ya nukta.

Zitazame kanuni hizi kwa makini utaona kwamba zimeandikwa kwa nia mbili zilizo mbalimbali. Katika Open, lisilokatazwa limeruhusiwa. Katika Production, lisiloruhusiwa limekatazwa. Kwa hiyo mshindani wa Production asijiulize, "Ni wapi panaposema nisifanye hivi?" bali ajiulize, "Ni wapi panaposema naweza kufanya hivi?", na asipopaona mahali hapo, aliache jambo lake. Swali hilo moja litakuepusha na hasara nyingi kuliko ushauri wa mafundi kumi.

Chukua mfano wa Glock 34, ambayo wengi huinunua kwa kuamini kwamba imeundwa kwa ajili ya mashindano. Kasiba yake ina milimita 135, na kwa sababu hiyo hiyo haiingii katika Production ya IPSC hata kama mwenyewe hajaigusa parafujo moja, ilhali Glock 17 yenye kasiba ya milimita 114 huingia. Huko Marekani, chini ya kanuni za USPSA, chama cha mchezo huu nchini humo, ambazo zimeachana na za IPSC katika mambo kadhaa, Glock 34 iyo hiyo imekuwa ikishindana katika Production pasipo pingamizi. Basi usitosheke kuuliza kama bastola ni ya mashindano. Uliza ni ya mashindano ya nani, katika divisheni gani, na kwa toleo gani la kanuni, maana kanuni hurekebishwa, na mtu anayetegemea kitabu cha miaka mitano iliyopita hutegemea kitu kilichokwisha kubadilika.

Sheria ya nchi iko juu ya kanuni ya mchezo

Kabla ya fundi kuna serikali. Nchini Kenya silaha husimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na nchini Tanzania na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Na popote ulipo, leseni uliyo nayo huitaja silaha fulani yenye namba fulani. Namba hiyo isiguswe, isipakwe rangi ikafichika, wala isipigwe msasa hata kwa bahati mbaya. Kubadilisha kasiba au kipenyo cha risasi kwaweza kuifanya silaha isiwe tena ile iliyoandikwa katika leseni. Kwa hiyo enda kwanza kwa wenye mamlaka ya leseni, uliza, na upewe jibu kwa maandishi. Kadhalika, kazi yoyote inayopita kubadilisha vipande vya kufunga na kufungua umpelekee fundi wa silaha aliyeidhinishwa. Na bastola inayoweza kutoa risasi zaidi ya moja kwa mvuto mmoja wa kifyatuo imekatazwa katika mchezo huu, bila kujali kama hali hiyo imekusudiwa au imetokana na ufundi mbaya.

Mpini: pale mkono unapokutana na chuma

Anza na mpini, kwa kuwa marekebisho yake ni ya bei nafuu, aghalabu hurudishika, na faida yake huonekana siku ile ile. Bastola nyingi za sasa huuzwa na migongo ya mpini ya ukubwa mbalimbali, ijaribu yote. Ushike mpini kwa mkono wa nguvu, kasiba ikiwa sambamba na mfupa wa mkono, kisha tazama kidole cha shahada kinagusa kifyatuo kwa sehemu gani. Kikifika kwa ncha tu, mpini ni mnene mno kwako, na risasi zitasukumwa upande mmoja. Kikipita hadi kwenye kiungo cha kwanza, ni mwembamba mno, na zitavutwa upande wa pili.

Ama katika Production, mapande ya mpini yanaweza kubadilishwa mradi yafuate umbo la yale ya kiwandani, na utepe wenye chengachenga unaruhusiwa kubandikwa penye mpini. Katika hali ya hewa ya joto na unyevu, kama ilivyo kwetu pwani, utepe huo una thamani kuliko vipande vingi vinavyosifiwa katika matangazo. Ukate kwa mkasi mkali, uviringishe pembe zake ili zisibanduke, ufute mpini kwa spiriti kabla ya kuubandika, na usiufikishe penye kitufe cha magazini wala penye namba ya silaha. Lakini mdomo mpana wa kuongozea magazini, ambao wenye Standard na Open huufurahia, katika Production ni haramu. Usiufunge ukitumaini kwamba msimamizi hatauona.

Vilengeo: nuru ya jicho

Katika Production vilengeo vya kawaida vyaweza kubadilishwa hata kwa vile vya kampuni nyingine, ilimradi bastola yenyewe isichongwe ili vikae. Vilengeo vya kiwandani aghalabu huwa na nukta tatu nyeupe, moja mbele na mbili nyuma, na jicho linalokimbia hushindwa kujua lishike nukta ipi. Walenga wengi wenye uzoefu huweka nyuma kilengeo cheusi kisichong'aa, na mbele kilengeo chembamba chenye uzi wa rangi unaokusanya mwanga, ili jicho likute kitu kimoja tu cha kukitazama.

Baada ya kuvifunga, pima bastola yako inapiga wapi. Hapa hesabu ndogo itakuokoa na kukisia. Pima umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma. Tuseme ni milimita 160. Ukiwa umeegemeza mikono, piga risasi tano kwa utulivu kutoka mita 25, nazo zikakusanyika milimita 100 chini ya pale ulipolenga. Zidisha 100 kwa 160, ugawe kwa 25,000 ambazo ni mita 25 zikiwa milimita, utapata 0.64. Kilengeo cha mbele basi kimezidi urefu kwa milimita 0.64, kwa kuwa kilengeo cha mbele kirefu huishusha kasiba. Kipunguze kwa tupa laini, kidogo kidogo, ukirudi kupiga kabla ya kukimaliza kiasi chote, kwani chuma kilichoondolewa hakirudi. Na iwapo risasi zimekwenda juu, tupa haina kazi; nunua kilengeo kirefu zaidi.

Kifyatuo: penye tamaa na hatari pamoja

Hakuna sehemu inayowavuta wachezaji kuliko kifyatuo, wala hakuna inayodai hadhari kubwa zaidi. Kanuni ya Production yataka uzito wa kuvuta kifyatuo kwa risasi ya kwanza usipungue kilo 2.27, yaani ratili 5, au usipungue kilo 1.36 kwa kila risasi. Bastola yenye nyundo ya nje, kwa mfano CZ Shadow 2, huanza nyundo ikiwa imelazwa chini kabisa, ili ule mvuto mrefu wa kwanza ndio upimwe. Msimamizi huiangalia silaha kwamba ni tupu, huielekeza juu, na kutundika uzito penye kifyatuo. Nyundo ikianguka, bastola imeshindwa.

Mambo mawili yafuata. La kwanza, usijipimie mpaka penye ukingo. Springi hulegea na nyuso za chuma hulainika kwa kusuguana, na bastola iliyotoka kwa fundi ikiwa na kilo 2.27 barabara yaweza kufika penye meza ya ukaguzi ikiwa imeshuka. Jiachie gramu 150 au 200 juu ya kiwango, na ununue mizani yako mwenyewe ya kupimia kifyatuo. La pili, wepesi usizidi usalama. Zile nyuso ndogo zinazoshikana ndani ya mtambo ndizo zinazoizuia silaha isijifyatue yenyewe. Usizipige msasa nyumbani, wala usimruhusu mtu asiyekuwa fundi wa silaha kuzigusa. Wanaotafuta mvuto laini wataupata kwa njia iliyo salama na isiyo na gharama: kuisafisha silaha, kuitia mafuta mahali panapostahili, na kuvuta kifyatuo mara nyingi bastola ikiwa tupu, kwa namna inayoruhusiwa na mtengenezaji, hadi mkono wenyewe ujifunze.

Springi na risasi huamuliwa kwa pamoja

Nguvu ya risasi katika mchezo huu hupimwa kwa kuzidisha uzito wa kichwa chake kwa greni na mwendo wake kwa futi kwa sekunde, kisha kugawa kwa 1,000. Nguvu ndogo katika Production ni kuanzia 125. Nguvu kubwa ni kuanzia 170 katika Standard, Classic na Revolver, na 160 katika Open. Kichwa cha greni 124 kinachokwenda futi 1,050 kwa sekunde hutoa 130.2, nacho kimefaulu; kichwa hicho hicho kikienda futi 1,000 hutoa 124, na mwenye nacho ataendelea kupiga bila kuhesabiwa alama yoyote. Futi hamsini, ambazo mkono hauwezi kuzihisi, ndizo zinazotenganisha mshindani na mtazamaji.

Risasi nyepesi hupunguza mrusho, na springi ya slaidi iliyo laini hufaana nayo; lakini springi laini mno huiacha slaidi igonge nyuma kwa nguvu, na wakati mwingine isirudi mbele kwa ukamilifu. Springi ya nyundo iliyolegezwa ili kifyatuo kiwe chepesi nayo huenda isiipige fataki kwa nguvu ya kutosha, hasa fataki za kampuni zenye chuma kigumu. Kwa hiyo badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, baada ya kuthibitisha kwamba divisheni yako yakiruhusu. Piga risasi mia mbili za aina ile ile utakayoshindania. Andika katika daftari kila mkwamo. Na ndipo uendelee na badiliko la pili. Kiwango chako cha nguvu kiwe karibu na 130 badala ya 125, kwa maana baruti hubadilika kwa joto, na mashine ya kupimia mwendo uwanjani si ile uliyoitumia nyumbani.

Usisahau jinsi alama zinavyohesabiwa, kwani ndizo zitakazokuambia pesa zako uzitie wapi. Eneo la Alpha ni alama 5 kwa wote. Charlie ni 4 kwa nguvu kubwa na 3 kwa nguvu ndogo. Delta ni 2 na 1. Mshindani wa Production akikosa Alpha na kupiga Charlie hupoteza alama 2, ambapo mwenzake wa nguvu kubwa hupoteza 1 tu. Basi katika divisheni hiyo kilengeo kinachokusaidia kupiga katikati kina faida kuliko springi inayokupa wepesi wa kukosa.

Ukaguzi kabla ya safari

Kazi ikiisha, ondoa risasi zote chumbani mwa kazi, hakikisha kwamba bastola ni tupu kwa jicho na kwa kidole, kisha jaribu kila kifungio cha usalama: kikifungwa, kifyatuo kisifanye kazi, kikifunguliwa, nyundo isianguke. Uwanjani, mara ya kwanza tia risasi moja tu katika magazini; ikitoka salama, tia mbili; ukiona mbili zimetoka kwa mvuto mmoja, acha papo hapo, ifunge silaha, umrudie fundi. Baada ya hapo pima urefu, sanduku, kifyatuo na nguvu ya risasi, kwa mizani ile ile na kwa taratibu zile zile za wasimamizi, nawe uyaandike matokeo.

Vipande vya kiwandani ulivyoviondoa vitie katika kisanduku chenye jina na uvichukue mashindanoni. Usiache mbachao kwa msala upitao. Ukigundua asubuhi ya mashindano kwamba kifyatuo kimeshuka, springi ya asili itakurudisha katika divisheni yako kwa dakika chache. Usipokuwa nayo, ujue kwamba asiyetimiza masharti ya divisheni aliyoitangaza huhamishiwa Open ikiwa ipo, akashindane na wenye darubini na vipunguza mrusho, na ikiwa haipo hupiga bila alama. Na kumbuka kwamba bastola unayoanza nayo ndiyo utakayomaliza nayo. Ikiharibika, usiibadilishe bila idhini ya wakuu wa mashindano.

Ukiwa na shaka juu ya kipande chochote, umwendee msimamizi kabla ya mashindano, umwonyeshe waziwazi, ukubali hukumu yake. Mtu anayeficha kipande kilichokatazwa hamdanganyi msimamizi peke yake. Humnyang'anya haki mwenzake aliyekuja na bastola ya kawaida, akaamini kwamba watapimwa kwa mizani moja. Basi soma kanuni ya divisheni yako leo, toleo la sasa, tangu mwanzo hadi mwisho, ndipo uifungue droo yenye tupa.